Jinsi ya kujitengenezea akala za Kimaasai ukiwa Malindi, kuanzia tairi kuukuu hadi shanga

Ukipita ufukweni Malindi msimu wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, utakuta patipati za plastiki kila mahali, na katikati yake akala za vijana wenye shuka nyekundu wanaouza bangili na mikufu. Patipati ikikatika gidamu, hiyo imekwenda jaani. Akala hurudi kwa fundi, ikapigwa misumari miwili, ikaendelea na safari. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kujitengenezea jozi yake hapa hapa mjini, kwa tairi la gereji na vifaa vya kuazima kwa mshona viatu, na ambaye hataki kuvaa kitu asichojua kimetoka wapi.

Tuanze na hilo la kimetoka wapi, kwa kuwa ndilo litakaloamua namna ya kukata.

Akala ni kiatu cha mchungaji. Mmaasai wa Kajiado au Narok hufuata ng'ombe pale nyasi zilipo, akivuka nchi ya migunga ambayo miiba yake hupenya raba ya dukani bila kuuliza. Kabla ya matairi kuwako, kiatu hicho kilikatwa kwenye ngozi ya ng'ombe. Ng'ombe alitoa karibu kila kitu cha nyumbani: maziwa, tandiko la kulalia, kanda, viatu. Magari yalipoenea Afrika Mashariki katika karne ya 20, tairi lililochoka likachukua nafasi ya ngozi kwenye soli. Halilainiki kwa mvua, mwiba haulipiti kirahisi, na mwenye gari analitupa. Umbo likabaki lile lile: soli moja bapa, kanda juu ya mguu, ukanda mmoja nyuma ya kisigino. Kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai, viatu huitwa inamuka, viwe vya ngozi au vya tairi.

Ukanda wa kisigino si urembo. Mtu anayetembea kutwa nzima na kukimbiza ndama kichakani hawezi kuvaa kiatu kinachopigapiga nyuma. Morani wakicheza adumu, ule mchezo wa kuruka juu wima, akala zimo miguuni na hazichomoki.

Jambo jingine ambalo watu wa pwani tunalichanganya: si kila kijana mwenye shuka na shanga hapa Malindi ni Mmaasai. Wengi ni Wasamburu, waliotoka kaskazini mwa Kenya. Lugha zao ni za jamii moja ya Kimaa, na akala wanavaa wote, lakini kumwita Msamburu Mmaasai ni sawa na kumwita Mbajuni Mgiriama. Uliza kwanza.

Nasi wa mwambao tuna viatu vyetu. Lamu ina makubadhi yake ya ngozi yenye nakshi, na Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika tangu zamani kwa kazi ya ngozi. Wazee wetu walivaa pia mitawanda ya mti nyumbani. Hivyo vyote ni viatu vya mtu wa mjini: unavivua mlangoni, unaingia, unatoka, unavitia mguu bila kuinama. Akala haikuzaliwa kwa maisha hayo. Mtu anayekwenda msikitini mara tano kwa siku atachoka kufungua na kufunga ukanda wa kisigino. Kwa hiyo amua sasa, kabla hujashika kisu. Za kutembelea mashamba ya Kakuyuni au kwenda Marafa kuangalia makorongo, zitie ukanda wa nyuma. Za kuzunguka Shela na sokoni, uache. Mimi nakushauri utengeneze za ukanda kwanza, kwa sababu ukanda unaondoka kwa mkato mmoja wa kisu, ila kuuongeza baadaye ni kazi.

Vifaa

Kisu chenye ncha na makali ya kweli. Mafundi wengi hujitengenezea chao kutokana na kipande cha msumeno wa chuma kilichonolewa. Msumeno wa chuma wenye meno madogo. Patasi nyembamba yenye upana wa inchi moja. Nyundo, koleo, msharasi, tupa, chaki, kipande cha boksi na kalamu. Kipande kizito cha chuma cha kupigia misumari juu yake. Ndoo ya maji yenye sabuni, na hiyo usiidharau. Tafuta pia sumaku. Ile ya nyuma ya spika iliyoharibika inatosha kabisa.

Hatua ya 1: Kuchagua tairi

Hapa ndipo akala inapofaulu au kuharibika. Mengine yote yanaweza kurekebishwa.

Matairi mengi ya magari madogo siku hizi yana nyaya za chuma ndani ya sehemu inayokanyaga barabara. Ukikata soli humo, nyaya hujitokeza pembeni kama sindano, zinachana kisigino, zinakwaruza sakafu, na zikipata chumvi zinashika kutu mpaka soli inapasuka matabaka. Unalotaka ni tairi la nailoni. Soma maandishi ya ubavuni. Namba zikiwa na herufi R katikati, mfano 175/70 R13, nyuzi zake zimepangwa kwa mtindo wa kisasa na mara nyingi sana kuna chuma chini ya uso. Zikiwa na kistari badala ya R, mfano 10.00-20 ya malori ya zamani, nyuzi zimepishana mshazari na kwa kawaida ni nailoni. Matairi mengi huandikwa pia matabaka yaliyomo. Ukiona neno STEEL kwenye mstari wa matabaka, liache. Na kama maandishi yamefutika, pitisha sumaku katikati ya uso wa tairi. Ikinasa, nenda kwa tairi jingine. Ikinasa ukingoni tu, pale tairi linapokaa kwenye rimu, hilo ni la kawaida: kila tairi lina pete ya waya pale, na sehemu hiyo hatuitumii.

Sasa ukubwa. Tairi dogo lina mkunjo mkali, na soli itatoka imejikunja mbele na nyuma. Hakuna jiwe wala jua litakalolinyoosha, maana mpira ukishapikwa kiwandani unakumbuka umbo lake. Tairi la lori ndilo bora kwa mtu mzima: duara lake ni kubwa, kwa hiyo kipande cha urefu wa mguu kinakaribia kuwa bapa, kikiinuka kidogo tu kwenye vidole na kisigino. Mwinuko huo mdogo unasaidia mguu kubingirika mbele. Kuna Mswisi aitwaye Karl Müller ambaye mwaka 1996 alitoa viatu vya MBT, kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayowataja Wamaasai na miguu mitupu, vyenye soli nene iliyojikunja, vikauzwa Ulaya kwa bei ya kushtua. Mmaasai mwenyewe yuko na tairi la lori.

Matairi ya tuktuk, ambayo Malindi yamejaa, huwa ya 4.00-8. Hayafai kwa soli ya mtu mzima kwa sababu ni membamba na yamejikunja mno. Lakini mengi yake ni ya nailoni na ubavu wake ni mwembamba na mgumu, unaofaa hasa kwa kanda. Chukua moja. La bodaboda lina uso wa mviringo, kwa hiyo mguu utayumba; liache.

Usitafute tairi lenye meno marefu. Lililoisha, karibu na kuwa kipara, ni jepesi zaidi na halibebi kokoto. Kataa tu lililokaa juani mpaka likapasuka vijimistari. Ulikunje kwa mikono uone. Mafundi wa panchari barabara ya Lamu na ile ya Mombasa wanayo mengi nyuma ya vibanda, na wengi wanakupa kwa pesa kidogo au kwa neno zuri. Mwambie mapema ni la akala, atakuchagulia mwenyewe.

Hatua ya 2: Kuchana

Laza tairi chini. Choma ncha ya kisu ubavuni, karibu na bega, mahali ubavu unapokutana na uso. Chovya kisu kwenye maji ya sabuni, kata kiasi cha kiganja, chovya tena. Mpira mkavu hubana makali na kuyafanya yakatae kwenda; ukiwa na maji, kisu kinateleza. Mwenzako avute ubavu kuufungua huku wewe ukikata, na kisu kielekee upande, kamwe si tumboni kwako. Zunguka mpaka ubavu utoke mzima, kisha geuza upande wa pili.

Sasa una mkanda mrefu wa uso wa tairi. Ukate vipande kwa msumeno wa chuma, kila kimoja kirefu kuliko mguu wako kwa sentimita 4 hivi.

Hatua ya 3: Kupima mguu

Pima jioni. Joto la pwani linavimbisha miguu, na akala iliyopimwa asubuhi itakubana saa kumi. Simama juu ya boksi kwa uzito wako wote, usikae kitini, na mtu mwingine apitishe kalamu ikiwa wima kuzunguka mguu. Pima miguu yote miwili, maana haifanani.

Ongeza sentimita 1 mbele ya kidole gumba na nusu sentimita pembeni na nyuma. Watu hupenda kukata sawasawa na mguu kwa kuona soli kubwa ni ushamba. Ile nusu sentimita ndiyo inayouzuia mwiba na jiwe la mwamba kugusa ngozi yako, na ndiyo nyama ya kushikilia misumari. Kabla ya kunyanyua mguu, tia alama mahali pawili kila upande: nyuma kidogo ya viungo vya vidole, na mbele kidogo ya kifundo. Hapo ndipo kanda zitakapoingia.

Hatua ya 4: Kukata soli

Weka mchoro kwenye upande wa ndani wa tairi, ule laini, kwa sababu ndio utakaogusa unyayo. Urefu wa mguu ufuate njia ambayo tairi linabingirika. Ugeuze mchoro wa mguu mmoja ili usije ukapata za kushoto zote mbili ukitumia boksi moja. Kata kwa kupitisha kisu mara nyingi kwa nguvu ya wastani badala ya mara moja kwa nguvu zote. Malizia kwa tupa, ukizungusha ukingo wa juu usiwe na makali.

Hatua ya 5: Kanda

Fundi anayejua kazi anatambulika hapa. Soli nzuri na kanda mbovu ni viatu vya siku mbili.

Una njia tatu. Ya kwanza ni tyubu ya lori: laini, haichubui, inavutika. Inamfaa mtu ambaye miguu yake haijazoea, lakini hulegea kadiri siku zinavyopita. Ya pili ni ubavu wa tairi, kama ule wa tuktuk: mgumu, haulegei, unadumu. Ukiwa mnene, upunguze tabaka. Chana ukingo wa ukanda kwa kisu kati ya mpira na nyuzi, shika ulimi huo kwa koleo, kanyaga sehemu nyingine kwa mguu, vuta polepole huku kisu kikisaidia pale panapong'ang'ania. Tabaka linabanduka kwa sauti ya kitambaa kinachochanika, na unabaki na ukanda wenye uso wa nyuzi upande mmoja. Upande wa nyuzi uwe juu, wa mpira laini uguse mguu.

Njia ya tatu ni ngozi. Ukitaka ngozi mbichi kama ya zamani, iloweke mpaka ilegee, ipitishe juu ya mguu wako ikiwa na maji na iache ikaukie katika umbo hilo; samaki mkunje angali mbichi. Lakini hewa yetu haiko kama ya Kajiado. Unyevu wa bahari huirudisha ngozi mbichi kuwa laini, nayo huanza kunuka na kuvuta wadudu. Huku pwani tumia ngozi iliyotiwa dawa, ile wanayotumia mafundi wa makubadhi.

Kata kanda mbili za mbele za upana wa sentimita 2.5 na moja ya kisigino ya sentimita 2. Urefu usiukisie. Chukua uzi, upitishe juu ya mguu kutoka alama ya mbele nje hadi alama ya nyuma ndani, kisha ongeza sentimita 3 kila ncha. Ukanda wa pili unatoka mbele ndani kwenda nyuma nje. Zinapishana juu ya mguu kama msalaba.

Kisha mifuko. Simamisha soli ubavu juu. Kwenye kila alama, ingiza patasi kwa mlalo katikati ya unene wa soli, upige taratibu mpaka iingie sentimita 3, na mpasuko uwe sawa na upana wa ukanda. Lengo ni kuingia kati ya matabaka ya nyuzi, ili msumari upate nyuzi juu yake na chini yake. Mfuko uliokatwa kwenye mpira mtupu, chini ya nyuzi, utachanika wiki ya kwanza. Utajua umefika mahali pake: patasi ikiwa kati ya matabaka hukwama kwa ugumu wa sare, na ikiwa kwenye mpira mtupu hudunda.

Sukuma ncha za kanda ndani ya mifuko kwa kipande cha bati chembamba. Vaa. Simama, tembea hatua chache, chuchumaa, simama kwa vidole. Kidole cha shahada kipite chini ya msalaba kwa shida kidogo. Kikipita kwa raha, ukanda ni mlegevu. Mpira utalegea zaidi baadaye, kwa hiyo kaza kuliko unavyofikiri. Tia alama kwa chaki pale ukanda unapoingia kwenye soli, vua.

Ukanda wa kisigino hauhitaji mfuko. Toboa tundu la mlalo kwenye kila ukanda, karibu na kifundo, upitishe wa nyuma, ukunje ncha na kuifunga kwa misumari mifupi au kwa kifungo cha mkanda wa zamani. Ukitumia kifungo, unaweza kuulegeza ukienda msikitini na kukanyaga juu yake.

Hatua ya 6: Misumari

Misumari miwili kwa kila mfuko, ikipigwa kutoka juu kwenda chini. Kichwa kizame kwenye mpira wa ndani mpaka mpira ujifunge juu yake. Ncha itokeze chini milimita 5 hivi na, ikigonga chuma ulichokiweka chini ya soli, ijikunje yenyewe kurudi ndani. Lenga ncha itokee kwenye mfereji wa meno ya tairi, isije ikakwaruza vigae vya watu. Msumari mfupi usiotokeza hauna mshiko, hata ukipiga kumi.

Msumari wa kawaida wa chuma, ukienda nao ufukweni kila siku, utashika kutu na kukatika ndani ya soli bila wewe kuona, kisha ukanda unachomoka ukiwa katikati ya barabara. Waulize wajenzi wa mashua. Wao suala la chumvi wamelimaliza zamani. Tumia misumari midogo iliyopakwa zinki au ya shaba. Bei inapanda kidogo. Bara hakuna haja, na ndiyo maana akala unayoletewa kutoka Narok huwa na misumari ya kawaida. Ukiinunua, badilisha misumari kabla ya kuipeleka majini.

Hatua ya 7: Shanga, ukizitaka

Mchungaji porini, akala zake za kazi mara nyingi hazina ushanga hata mmoja. Zile zilizorembwa unazoziona zikiuzwa Casuarina na Watamu ni kazi ya soko la watalii kwa sehemu kubwa, na hakuna ubaya, ila usidhani ndivyo anavyovaa mtu anayefuata ng'ombe. Uzito wa shanga kwa Wamaasai uko zaidi shingoni, masikioni na mikononi, na ni kazi ya wanawake. Morani huvaa alichoshonewa na mama, dada au mpenzi wake. Makundi ya Wamaasai kama Wapurko, Wakisongo na Wakaputiei yana mipangilio yao ya rangi, na rika pia huwa na mitindo yao, kiasi kwamba anayejua hutambua unakotoka kwa kuangalia.

Rangi zina maana ambazo utazisikia kwa wengi. Nyekundu ni damu ya ng'ombe na ushujaa. Nyeupe ni maziwa, na kwa hiyo usafi na amani. Bluu ni mbingu inayoleta mvua. Kijani ni malisho. Nyeusi ni watu wenyewe na taabu wanazozivumilia. Rangi ya chungwa huhusishwa na ukarimu. Karibu kila moja inaishia kwa ng'ombe ukiifuata vya kutosha: mvua huleta nyasi, nyasi huleta maziwa.

Shanga za kioo zenyewe zilipitia kwetu. Zilitengenezwa Ulaya, zikashushwa kwenye bandari za mwambao huu, na misafara ya karne ya 19 ikazipeleka bara. Kabla yake watu walitumia mbegu, mifupa, udongo na mti.

Ushauri wangu ni huu: soli tengeneza mwenyewe, shanga mpe mama wa Kimaasai au Kisamburu akushonee. Atafanya vizuri zaidi na kwa haraka zaidi, na pesa itafika kwa mwenye ujuzi. Mwamkie kwanza kama unavyomwamkia mama yeyote, kisha mwambie unataka nini, umwachie yeye mpangilio. Mmoja aliyenishonea alikataa katakata kuweka nyekundu tupu niliyoitaka. Aliikatiza kwa nyeupe kila vidole viwili, na alikuwa sahihi, maana ukiwa mbali nyekundu tupu ilikuwa inaonekana kama utepe wa plastiki. Mletee ngozi nyembamba iliyokatwa kwa upana wa ukanda wako, si akala nzima. Toa arubuni. Bei ya kazi ya sindano usiipige kama unanunua changu sokoni. Na kumbuka mwezi: hoteli nyingi hupunguza kazi au kufunga kuanzia Aprili hadi Juni, mvua za masika zikianza, na wengi wao hurudi makwao. Agiza kabla ya Pasaka.

Ukiamua kushona mwenyewe, tumia uzi wa nailoni uliopakwa nta, ukiwa mara mbili. Tunga shanga nne, choma sindano kwenye ngozi, irudishe nyuma itokee katikati ya shanga nne, ipite tena kwenye mbili za mwisho, kisha tunga nne nyingine. Kila mshono unarudi nyuma namna hiyo, ili ushanga mmoja ukipasuka mstari mzima usimwagike. Fundo la mwisho liguse moto kidogo wa kiberiti. Gundi ya haraka usiitumie kubandika shanga, hata ukiona wanaouza kwa haraka wanafanya hivyo. Ikipata jasho na mchanga zinadondoka moja moja kama meno ya maziwa.

Ukanda wa ngozi ukiisha kushonwa shanga, utoboe pembeni kwa msharasi na uushone juu ya ukanda wa mpira. Usiupige msumari. Hivyo soli ikiisha unahamishia urembo kwenye jozi mpya.

Kuzivaa na kuzitunza

Wiki ya kwanza vaa saa chache tu kwa siku. Kanda za ubavu wa tairi zitakuchubua juu ya mguu. Sugua upande wa ndani kwa tupa au ubandike kipande cha tyubu. Walinzi wa Kimaasai kwenye majumba ya Malindi huvaa akala na soksi usiku, na ukiijaribu utaelewa sababu: hakuna kuchubuka, na mbu wanapata taabu.

Mchana wa kaskazi usiziache juani mlangoni. Mpira mweusi hushika joto na ukiutia mguu unaruka.

Ukitoka baharini zisuuze kwa maji baridi na uzianike kivulini. Mpira haujali chumvi, lakini uzi wa shanga na ngozi vinaijali sana. Ngozi uipake mafuta ya nazi kidogo inapoanza kukakamaa. Wamaasai hutumia mafuta ya mnyama. Harufu ya miguu inatoka kwa brashi na sabuni ya kipande.

Ukanda ukikatika, ng'oa misumari kwa koleo kutoka chini, vuta kipande kilichobaki, ingiza kipya, lakini misumari mipya ipige kando ya matundu ya zamani. Mfuko huo huo unaweza kubadilishwa ukanda mara kadhaa. Ukiona midomo yake inafunguka, kata mfuko mpya sentimita 3 nyuma yake na uuache wa zamani.

Mabaki ya tairi usiyachome nyuma ya nyumba, moshi wake mbaya na majirani wana haki ya kukasirika. Vipande vya ubavu hukatwa bawaba za milango ya banda la kuku na la mbuzi. Ile pete nzima ya ubavu iliyobaki wapelekee wavuvi, wanaining'iniza ubavuni mwa mashua isigonge gati.